Nyasi za Bibi Zilikuwa Zinasubiriwa

Kengele ya ng'ombe wa baba mdogo Masanja bado inalia masikioni mwangu. Ilikuwa masika, natoka shule kule Sengerema, nikaisikia inatokea mahali ambapo haikupaswa kuwa: ndani ya ngitili ya bibi.

Mwanangu, wewe umezaliwa hapa mjini Pasiansi, maziwa unayajua ya pakiti. Ngitili ni kipande cha malisho ambacho sisi Wasukuma hukifunga mvua zikianza, nyasi zikue, ng'ombe asikanyage mpaka kiangazi kikikaza. Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja tu, tena mwenye mimba. Angezaa wakati huko nje kumebaki vumbi. Nyasi zile ndiyo maziwa yetu.

Nikakuta miiba ya mlangoni imetupwa kando, kundi zima linatafuna. Baba mdogo kakaa juu ya jiwe, anachokonoa meno.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba. Mbona umenuna hivyo, mama?”

“Umefungua ngitili ya bibi.”

“Nyasi zimejaa kila mahali, unalilia hizi?”

“Sasa si ungewapeleka huko kila mahali? Mwalimu katusimulia Waviking, wale wa nchi za baridi. Watu wanawajua kwa mapanga na kuvamia, kumbe wengi wao walikuwa wakulima. Nyasi ndefu waliziwekea uzio, wakazikata, wakazikausha, wakazitunza ndani. Theluji ikianguka, ng'ombe anakula hizo.”

Akacheka mpaka akashika mbavu. “Basi kaolewe huko, ukachunge ndama wa theluji.”

Hasira ilinipanda. Na sijapoa, mwanangu. Nikikikumbuka kile kicheko, chai inanipalia. Mtu ana miguu miwili mizima, mvua imeotesha majani mpaka njiani, yeye anaona uvivu kutembea, anakula kiangazi cha mama yake mzazi.

Bibi akafika na fimbo yake. Hakupaza sauti. “Masanja, umezikuta ndefu ukadhani zimesahauliwa. Zilikuwa zinasubiriwa.”

Baba mdogo akaswaga ng'ombe wake, akawatoa. Lakini ilikuwa imebaki kona moja tu ya nyasi, na aibu yake haikuotesha hata jani.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikuta kitu kimetunzwa na mtu asiye na makelele, usikiguse eti kwa kuwa mwenyewe hayupo. Na wakichezea cha kwenu, kasirika, usione haya, ila hiyo hasira uipe kazi. Mungu akukuzie kila unachokifungia mlango, na wanaoicheka ndoto yako wasikupunguzie hata kidogo.

Mimi hasira yangu niliipa mundu. Mvua zilipokatika niliikata ile kona peke yangu, nikaanika nyasi juu ya jiwe lile lile alilokalia baba mdogo, nikazipanga jikoni kwa bibi. Kiangazi, asubuhi ile ndama alipokuwa bado anatafuta kusimama, nilimwekea mama yake fungu la kwanza, nikachuchumaa pale kumsikiliza anavyotafuna.