Mama Usaha na Sikio la Mshonaji

Wenzake wa maabara walimbandika jina la Mama Usaha kwa utani, naye akalipokea bila kununa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipokea vitu ambavyo wengine huvigeuzia uso: vijiti vya pamba vyenye majimaji ya vidonda na masikio. Alikuwa mfupi, mpole wa sauti, lakini kwenye kazi hapindiki.

Siku moja kililetwa kijiti cha mshonaji nguo ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa likivuja kwa miaka tisa. Mshonaji huyo alikuwa amemeza vidonge vya kila rangi, vingine vya kuandikiwa, vingine vya kupewa na jirani, na kila sikio lilipokauka siku mbili aliviacha. Kwa kuionea haya harufu ya sikio hilo, alikuwa akiwapima wateja huku amejifunga kitambaa kichwani.

Mama Usaha alipaka majimaji yale kwenye sahani ya kuoteshea vijidudu, akaiweka katika kabati la joto. Kesho yake akakuta aina nne za vijidudu zimeota, shaghalabaghala. Mwingine angechagua mojawapo akaandika jibu, yakaisha. Yeye alipanda ngazi hadi kliniki ya masikio, akamwambia daktari kijana kwamba jibu hatatoa.

"Mwanangu, kijiti hiki umekipaka mlangoni mwa sikio tu," alisema. "Aliyemo ndani hatujamwona."

Daktari alikunja uso. Foleni ilikuwa imejaa korido, na hakuzoea kusahihishwa mbele ya mgonjwa. Akajibu kwamba sikio ni sikio. Mama Usaha hakubishana. Aliomba radhi kwa kumkatiza, akavuta kiti, akasubiri. Alisubiri saa nzima. Mwishowe daktari, kwa aibu kidogo, alimwita mshonaji aliyekuwa amefuata majibu, akasafisha njia ya sikio mpaka kiwambo cha ndani kilichotoboka kikaonekana, akachukua usaha uliokuwa ukitokea pale pale.

Safari hii kiliota kijidudu kimoja tu, cha rangi ya kijani. Mama Usaha alikijua kwa kukitazama, lakini vipimo akavifanya vyote. Kisha alikiotesha upya na kupanga juu yake vipande vinane vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Dawa inayoua huacha duara tupu kuizunguka. Vijidudu viliota mpaka kwenye kingo za vipande saba, vikiwemo vya dawa zote alizowahi kumeza mshonaji. Kimoja tu kilikuwa na duara safi. Akarudia kazi yote tangu mwanzo, maana dawa ikishabaki moja hakuna nafasi ya kukosea.

Ilikuwa dawa ya matone. Aliyapeleka majibu mwenyewe, akamkuta mshonaji benchini.

"Dada, usiache njiani hata likikauka," alimwambia. "Wadudu wanaobaki ndio wagumu, na ndio watakaozaana."

Wiki ya tatu sikio lilikuwa kavu. Tundu la kiwambo halikuziba, usikivu haukurudi wote, na bado anangoja upasuaji. Ila kitambaa amekivua.

Baadaye daktari alishuka maabara, akamwomba wapitie pamoja majibu ya masikio ya mwaka mzima. Zaidi ya nusu ya vijidudu vilikuwa sugu kwa vidonge ambavyo kliniki ilizoea kuandika. Waliyajumlisha kwenye karatasi moja, ikabandikwa katika kila chumba cha daktari. Ina sahihi mbili. Ya daktari iko chini.