Jibu la Mjomba kutoka Nyunzu

Barua kutoka Lubumbashi ilifika wakati namaliza mwaka wa tatu katika enternati, shule ya bweni ya mapadri, hapa Kalemie, miaka ya Zaire. Koleji kubwa ya huko, walikosoma watoto wa wakubwa wa migodi na wa serikali, ilikuwa na nafasi moja katika mwaka wa nne, upande wa hesabu na fizikia. Padri prefe, mkuu wa shule yetu, alikuwa amepeleka buletini yangu ya alama bila kuniambia. Aliniita bironi, ofisini mwake, akanisomea barua, akasema nyumbani wana majuma matatu ya kujibu.

Shule yetu haikuwa ya kudharau. Wavulana walitoka Moba, Manono na Kabalo kuja kuitafuta, na wengi walirudishwa. Lakini fizikia tulikuwa tunaichora ubaoni tu. Kule, alisema prefe, wanafunzi wanagusa vyombo kwa mikono yao. Kila aliyesikia habari hiyo alisema niende.

Mimi peke yangu sikutaka, na sikumwambia mtu. Hapa nilikuwa wa kwanza wa darasa tangu nilipoingia. Nilikuwa pia kapita wa bweni, nikisema kimya, wavulana arobaini wananyamaza. Kisha jirani yetu mmoja aliyesoma katika ile koleji akaja likizo. Nilimpelekea daftari langu la hesabu ili alisifu. Alifungua kurasa mbili tatu, akacheka.

"Hii tulimaliza mwaka wa pili, kapita. Kule utakaa nyuma, pamoja na wale wa kulala darasani."

Wenzake waliokaa naye wakacheka pia. Nami nikacheka, lakini daftari nililirudisha nyumbani nimelificha chini ya shati.

Papa alifanya kazi katika karakana ya reli. Alikuwa Muluba wa upande wa Kabalo, na kwao mtoto ni wa baba. Mama alikuwa Muholoholo, na kwao neno la mwisho juu ya mtoto ni la mjomba. Walipooana, Papa alikubali kufuata desturi ya ukweni, naye alikuwa mtu wa kushika alichokubali. Kwa jambo lolote kubwa aliuliza kwanza Nyunzu, alikoishi kaka mkubwa wa Mama, mkulima na katekista.

"Miye nataka uende," Papa aliniambia. "Lakini siwezi kukutuma mbali bila mjomba wako kusema. Panda treni, ukamuulize. Akikubali, naandika kesho yake. Akikataa, sitamubishia."

Nilikwenda na furushi la dagaa. Mjomba alinisikiliza akiwa amesimama na jembe mkononi.

"Lubumbashi? Pamoja na watoto wa wakubwa?"

"Ndiyo, Mjomba. Kama unakubali."

"Kama ninakubali! Dada yangu alizaa mutoto, ao alizaa kuku wa kufunga kamba? Enda, mupwa wangu. Enda, wale watoto wa wakubwa wakuulize wewe namna ya kufanya hesabu."

Akaingia ndani, akatoka na pemba, ule udongo mweupe wa baraka. Aliukoroga kwa maji, akanipaka mstari kutoka paji la uso mpaka kifuani, huku akitaja wazee wetu mmoja mmoja, na mwishoni akafanya ishara ya msalaba. "Usinawe mpaka shemeji aone," alisema. "Hii njo barua yangu."

Ndani ya treni watu walinipisha kiti. Mama mmoja mzee aliuliza naenda wapi na baraka yote ile, nikageukia dirisha. Tulipofika Niemba treni ilisimama kwa muda mrefu, na wanawake wakaja madirishani na mihogo ya kuchemsha na maji. Nilishuka. Nikamwomba mmoja beseni la maji.

"Ya kunywa?"

"Ya kunawa uso, Mama."

Aliniangalia usoni, kisha akaangalia kando wakati nanawa. Nilisugua uso na kifua mpaka ngozi ikauma.

Papa alikuwa mlangoni nilipofika. Kabla ya kunisalimu aliangalia paji langu la uso.

"Amesema nini?"

"Amekataa."

"Kwa sababu gani?"

Sikuwa nimeandaa sababu. "Amesema Lubumbashi ni mbali."

Papa alikaa kitini, akavua viatu vyake vya kazi polepole. "Basi," alisema. Na alipoviweka kando: "Kwetu ungekuwa umeisha kuenda."

Kwa Mjomba niliandika kwamba Papa amebadili mawazo. Barua hiyo niliiandika kwa mwandiko mzuri, bila kufuta neno hata moja.

Nafasi alipewa mwingine. Mwaka uliofuata serikali ilichukua shule za mapadri, na mwalimu wa fizikia akaondoka pamoja na wenzake. Diploma niliipata kwa alama ambazo hazikufungua mlango wa chuo kikuu chochote, nikawa karani bandarini. Hilo nimelizoea. Nililipika mwenyewe, nimelila.

Lakini Papa aliacha kwenda Nyunzu. Mjomba naye aliacha kumtumia salamu. Kila mmoja aliamini mwenzake ndiye aliyenizuia, na kila mmoja alikuwa na adabu ya kutosha asimuulize mwenzake. Mama alikuwa anamtumia kaka yake dagaa kwa siri. Mara nyingi niliketi na Papa jioni, neno likiwa mdomoni, nikalimeza. Nilijiambia nitasema mwakani.

Papa alikufa nikiwa na miaka thelathini na moja. Mjomba alikuja matangani, akakaa peke yake kando ya ukuta. Shangazi yangu, dada wa Papa, hakumngoja apumzike.

"Leo umeijua njia ya Kalemie! Siku ile mutoto alitaka kwenda shule, ulisema ni mbali. Kaka yangu amekufa na hiyo rohoni."

"Miye?" Mjomba alisema. "Miye nilisema ni mbali?"

Akanigeukia. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto, na kitu chote nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Niliangalia mkeka.

Mjomba aliniangalia. Nadhani alisoma kila kitu hapo, hata barua yangu ya mwandiko mzuri. Kisha akamgeukia shangazi.

"Ndiyo," alisema. "Nilikataa. Munisamehe."

Walimsema mpaka wakachoka, naye akakubali kila neno. Nilimkuta stesheni asubuhi yake, kabla matanga hayajaisha. Nilianza kulia, nikimwomba msamaha.

"Miye nimeisha kukusamehe," alisema. "We ni mupwa wangu, nitakutupa wapi? Lakini shemeji wangu alikuwa muntu muzuri, na nilimuchukia bure miaka kumi na tano. Hiyo siwezi kukusaidia."

Akapanda. Mimi nikarudi matangani, ambako shangazi alikuwa bado anasimulia jinsi mjomba alivyoniharibia maisha. Alinisogezea sahani. Nilikula, na sikusema kitu.