Jina Lililotumwa Mbinguni

Kila asubuhi, kabla hata ya kubandika kahawa, Asefi hufungua dirisha la jikoni na kumwita mbwa wake kwa sauti ya mnadani: "Semeni-Mchoke! Semeni-Mchoke, njoo ule!" Mbwa mwenyewe huwa amelala miguuni pake. Anayeitwa hasa ni Madan Dorvil, jirani wa ng'ambo ya ua, ambaye naye hujibu kwa kumwita wa kwake: "Wivu-Hauponi! Toka huko kwa watu!"

Huku Jakmel, mji wa Haiti, jina ni ujumbe, na anayeubeba haulizwi. Lake Asefi lilitumwa mbinguni. Alipozaliwa, binti wa tano, baba yake alimwambia Mungu kwa jina hilo kwamba wasichana sasa basi. Mungu akamletea wengine wawili.

"Siku ile Mungu hakuwa na miwani," Asefi husema akikaanga akra, bajia za magimbi anazouza, na wateja hucheka hadi pilipili inawapalia.

Jumamosi moja Madan Dorvil hakumwita mbwa. Alivuka ua, kavaa viatu vya kanisani. Nyuma yake alikuja mkwewe Mirlande, mtoto wa dada yake Asefi, amebeba kichanga chake: msichana wa nne. Ubatizo ulikuwa kesho yake.

"Jirani, nimekuja kwa heri. Mtoto tumpe jina lako, ili anayefuata awe wa kiume. Mama wa ubatizo ni wewe, wewe ndiye utakayemtajia padri."

"Jina langu? Si afadhali la mbwa wako? Lile angalau linasikika hadi sokoni."

"Acha mzaha! Mwanangu keshakubali. Anataka mrithi."

"Arithi nini, shoga? Yule jogoo chongo?"

Mirlande hakucheka. Jina hilo alikuwa ameshalipinga kwa mama mkwe mpaka sauti imekauka. Alimkumbatia mtoto, akamtazama Asefi.

"Mama mdogo, tangu nipate akili unalitania jina hili. Lakini liliwahi kukuuma?"

Asefi aligeuza akra moja, kisha nyingine. Mzaha ulikuwa tayari mdomoni, ule wa miwani. Akaumeza.

"Ndiyo," alisema. "Liliniuma kila baba aliponiita nikale. Kwa huyu, sitamtajia padri jina hilo."