Bahasha ya Fuatino

Fuatino Leavasa hakuwahi kulipa bei ya kwanza. Uzio wa nyumba yake pale Woodridge, nje kidogo ya jiji la Brisbane, aliupata kwa jirani aliyekuwa anahama, akamkalia kooni mpaka yule jirani akaung'oa mwenyewe, akauleta na kuusimamisha. Vitanda vya watoto alivitoa kwenye chekechea iliyokuwa inafungwa. Aliondoka na vitanda, na bembea, na zulia ambalo wenyewe hawakuwa wamepanga kuliuza. Kanisani walisema mama huyu angeiuzia bahari chumvi na bahari ikasema asante.

Alitoka Samoa akiwa msichana, akakata nyama kiwandani pamoja na mumewe Peniamina mpaka bega likakataa. Ndipo akageukia kulea watoto wa watu. Akasomea ulezi, akaitengeneza nyumba kama sheria inavyotaka, akapata kibali. Biashara yenyewe ni nyepesi kueleza: mzazi analeta mtoto, serikali inalipa sehemu kubwa ya ada, mzazi anamalizia. Bila kibali hakuna ruzuku, na bila ruzuku hakuna mzazi wa mtaa ule anayeweza kulipa. Losa, dereva wa basi la alfajiri, alikuwa akimleta mwanawe Tavita akiwa bado usingizini, akimlaza kwenye kitanda cha dirishani na kukimbilia kazini. Losa hakuwa na mtu mwingine.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku alipokuja Bwana Pratley.

Pratley alikuwa mkaguzi wa idara inayotoa ruzuku, mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya jua iliyopauka. Alipima joto la maji ya bomba, akautikisa uzio, akalala kifudifudi sakafuni kuchungulia chini ya kabati. Hakuona kosa. Fuatino akampa kakao nzito na mikate ya tui la nazi iliyotoka jikoni muda ule ule, naye akala miwili. Mpaka hapo hakuna aliyeharibu kitu. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni, Fuatino akamtia bahasha mkononi.

"Nauli yako, baba."

"Nina gari la serikali, mama."

"Basi iwe ya maji ya njiani."

Kwao, mgeni aliyekuja kwa kazi ya heshima haondoki mikono mitupu. Mchungaji akija, anapewa bahasha. Mzee wa ukoo akija kusema maneno msibani, anapewa bahasha. Asiyetoa atasemwa, na wajukuu zake watasemwa pia. Fuatino angeweza kusimama asubuhi nzima akigombania senti za nyanya, lakini mbele ya mgeni wa heshima mkono ulifunguka wenyewe. Ndani ya bahasha mlikuwa na noti ya dola hamsini.

Pratley alichungulia, akaiva uso mpaka masikioni, akairudisha bahasha kwa mikono miwili na kuaga. Alipofika ofisini akaandika kilichotokea, kama kazi yake inavyomtaka. Hapo hana wa kumlaumu. Mkaguzi anayeficha bahasha leo, kesho ataficha uzio uliooza.

Lawama inaanzia mezani kwa aliyeamua. Huyo hakupiga simu, hakuandika swali, hakumwita mtu. Barua aliyotuma ilisema kibali kimefutwa, kwa kuwa mwenye kibali alijaribu kumhonga mkaguzi na kwa hiyo si mtu wa kuaminiwa na fedha za umma.

Etevise, dada yake Peniamina, aliisoma ile barua amesimama jikoni, mkono mmoja kiunoni.

"Hamsini!" akasema. "Wifi, hata kuhonga umehonga kama maskini. Ungetia mia tungejua moja."

"Nyamaza, Etevise."

"Ninyamazeje? Mimi, damu ya mumeo, umewahi kunipa hata ya soda? Mzungu wa watu anakuja kutazama mabomba, unamwaga noti!"

"Wewe si mgeni."

"Ndiyo hasara yangu."

Fuatino alicheka, lakini Jumapili ile hakwenda kanisani. Neno lile la kuhonga lilimkaa tumboni kama gimbi bichi. Mwizi anajua ameiba. Yeye alikuwa ametoa mali yake kwa adabu aliyofunzwa na mama yake, na kwa adabu hiyo ameitwa mhongaji.

Wazazi wakaanza kupungua. Walisikitika, wakaomba radhi, wakaondoka, naye hakumlaumu hata mmoja, kwa sababu mtu hupangia mfuko wake. Losa peke yake alikuja kama kawaida, Tavita begani.

"Losa, hujasikia? Serikali hailipi tena."

"Nimesikia, shangazi. Nitakupa nitakachoweza, na Jumamosi nitakukatia nyasi."

"Za mbele na za nyuma?"

"Za mbele na za nyuma. Mpokee, basi linanisubiri."

Siku ile Fuatino alisimama mlangoni na mtoto mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamlaza, akamwachia Etevise, akachukua mkoba, akaenda kwenye kituo cha msaada wa sheria.

Wakili aliyempokea aliitwa Bronwyn Hadley, binti mdogo kwa umri, mwenye sauti ya chini na kucha zilizotafunwa. Alisoma barua mara mbili.

"Utanitoza nini?" Fuatino akauliza kabla ya kuketi.

"Hakuna, mama. Huduma hii ni ya bure."

Fuatino akamtazama kwa jicho la sokoni. Katika maisha yake, hakuna kitu kilichomgharimu kama cha bure.

"Bure mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho wa kesi."

"Na mwisho wa kesi unataka nini?"

"Nataka tushinde. Sasa nisikilize, kwa sababu hapa wengi hukosea. Hatuendi kumwomba jaji aseme hukuhonga. Jaji ataangalia jambo moja: idara ilipoamua, ilifuata haki?"

"Kwa hiyo sitasimama kueleza?"

"Hutasimama."

"Binti, mimi nina la kusema!"

"Najua, mama. Na kesi yetu ndiyo hiyo. Ulikuwa na la kusema, na hakuna aliyekuuliza."

Siku ya kesi Fuatino alifika mahakamani Brisbane amevaa nguo nyeupe ya kanisani na kofia yake ya ukindu, Peniamina na Etevise nyuma yake, na mikononi ana trei kubwa iliyofunikwa kwa kitambaa. Harufu ya tui la nazi ilifika kwa Bronwyn kabla yao.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Mikate."

"Ya nani?"

"Ya jaji. Mtu atakaa asubuhi nzima anatusikiliza sisi, halafu aondoke na njaa?"

Bronwyn alifumba macho. Walinzi wa mlangoni walianza kutazama.

"Mama, tafadhali. Tuko hapa kwa sababu ya bahasha."

"Hii si bahasha."

"Ni trei! Trei ni bahasha yenye mfuniko! Irudishe kwenye gari sasa hivi, kabla wakili wa idara hajashuka kwenye teksi!"

Etevise alicheka mpaka akashika ukuta. "Wifi, wewe huponi. Ukifika mbinguni utampa malaika nauli." Peniamina aliipokea trei, akaipeleka kwenye gari, na aliporudi alikuwa na makombo kwenye ndevu.

Ndani, mambo yalikuwa ya sauti za chini. Wakili wa idara alikuwa hodari, na alilisema lake vizuri. Bahasha ilikuwepo, noti ilikuwepo, hakuna anayekana. Jaji, mwanamke mwenye mvi fupi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Aliulizwa kwa nini aliitoa?" akasema.

"Mheshimiwa, mazingira yalijieleza. Hata angeulizwa, angesema nini?"

"Hilo sisi hatulijui, wakili," jaji akajibu. "Hatulijui kwa sababu hakuulizwa."

Fuatino alihisi Etevise amemshika mkono na kuuminya. Kwa miezi yote ile aliona kana kwamba aibu yake ni kubwa kiasi cha kuziba masikio ya watu. Kumbe kulikuwa na mtu, asiyemjua, asiyekula mkate wake hata mmoja, ambaye shida yake asubuhi ile ilikuwa kwamba Fuatino Leavasa hajasikilizwa.

Hukumu ilitoka baadaye. Uamuzi wa idara umetenguliwa, waamue upya, safari hii wamsikilize kwanza. Etevise akapiga kigelegele kwenye simu, na Bronwyn akalazimika kungoja amalize.

"Msisherehekee sana. Jaji hajarudisha kibali. Idara inaweza kukusikiliza na bado ikakataa."

"Nimeelewa," Fuatino akasema. "Bei yao imefutwa. Tunarudi sokoni, tunaanza kupatana upya."

"Ndiyo, mama. Ni hivyo hasa."

"Basi nipeleke. Kupatana naweza."

Afisa mpya wa idara alimketisha chumbani na kumuuliza kile ambacho kingeulizwa kwa simu tangu mwanzo. Kwa nini ulitoa? Fuatino akaeleza habari za mchungaji, za mzee wa ukoo, za aibu ya kumwacha mgeni aende mikono mitupu. Hakulia na hakujitetea kupita kiasi. Bidhaa nzuri haihitaji makelele.

"Ulimwomba akufanyie nini?" afisa akauliza.

"Sikumwomba kitu. Uzio wangu haukuhitaji kuombewa."

"Na mkaguzi mwingine akija?"

"Atapata maji ya bomba. Na glasi nitaichagua ndogo."

Afisa akacheka. Pratley naye alikuwa ameulizwa, na alijibu vile vile: mama hakuomba kitu, nyumba haikuwa na la kuficha, bahasha ilitolewa mlangoni mchana kweupe kama mtu anavyompa mgeni tunda. Kibali kikarudi, na wazazi wakarudi nacho. Kitanda cha dirishani kilibaki cha Tavita. Losa aliendelea kukata nyasi Jumamosi mbili zaidi, akisema deni la shangazi halifutwi na jaji.

Shukrani ndiyo iliyompa Fuatino taabu. Fadhila za ndugu anajua zinalipwaje: kwa mkeka mwororo, kwa nguruwe, kwa kusimama msibani. Lakini jaji alifanya kazi yake tu. Bronwyn vivyo hivyo, na Pratley, na yule afisa. Hakuna hata mmoja aliyempenda, na hakuna aliyemdai. Ubora wao ulikuwa pale pale, kwamba huwezi kuwapa chochote. Bronwyn alikubali mkate mmoja, akaula amesimama, akakataa wa pili. Wengine Fuatino aliwataja majina kanisani, mmoja mmoja, kusanyiko zima likaitikia, akaketi akiona bado haijatosha.

Jumamosi moja alikuwa sokoni na Etevise, wakiuza mikate ya tui kwa ajili ya paa la kanisa, kofia iliyopauka ikatokea katikati ya watu. Bwana Pratley, na mkewe kando, na kikapu.

"Mikate yenyewe ni hii," Pratley akamwambia mkewe. "Mama, trei ni bei gani?"

Mkono wa Fuatino ulikuwa umeshaanza kutembea kuelekea trei ya pili.

"Wifi," Etevise akanong'ona, "mkono wako nauona."

Mkono ukarudi.

"Dola kumi, baba."

"Tukichukua mbili?" mkewe akauliza. Macho yake yalikuwa ya mtu anayejua soko. "Utatupunguzia, si ndiyo?"

Siku nyingine Fuatino angefurahi kumpata mwenzake, wangepatana mpaka mchana. Akamtazama Pratley, naye Pratley akatazama viatu vyake akizuia kucheka.

"Wewe ningekupunguzia, mama. Ila kwa mumeo huyu, hata senti."

"Kwa nini?"

"Muulize yeye. Kuuliza si ujinga."

Pratley akatoa noti ya hamsini. Fuatino akaipokea, akaihesabu chenji yake kwa sauti mbele ya watu, akampa yote, na hakuongeza hata kitambaa cha kufunikia. Walipofika kwenye mboga alimwona Pratley ameshatoa mkate mmoja, anautafuna akitembea.