Bakuli la Uji la Mtani Wangu

Nilianza kazi hospitalini Tabora mwaka ule wa njaa, wa unga wa njano wa msaada. Aliyeula anajua: ugali wake ulikwama kooni, na watu waliubatiza jina la yanga, timu ya jezi za njano. Sisi wa Itetemia tulikuwa bado na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, basi tukajiona matajiri. Nilikuwa na darasa la nane na miguu yenye nguvu.

Siku ya kwanza Metroni, mkuu wa wauguzi wote, hakuniuliza hata jina. Alinipa bedpani, chombo cha haja cha mgonjwa asiyeinuka, akasema: "Ukikibeba hiki bila kukunja pua, mengine utayaweza." Nilikunja. "Rudi tena," akasema. Nilirudi mpaka pua ikanyooka.

Nikapanda pole pole: mhudumu, muuguzi msaidizi, kisha muuguzi kamili. Wakanipeleka Choma, zahanati ya wafugaji, ambako waliniletea hata ndama nimchome sindano. Huko nikafundisha wakunga wa vijijini, nikagundua napenda kufundisha kuliko kula. Bwana Mganga wa Wilaya akasema, "Huyu arudi Tabora akasomee ualimu wa wauguzi." Nchi ilikuwa changa, ina njaa ya walimu, mwanamke akionyesha ana kichwa, anasukumwa mbele.

Mwisho wa kozi ulikuwa somo la mtihani: unafundisha wodini, wanafunzi wamekuzunguka, mtahini kutoka Wizarani amesimama nyuma. Somo langu lilikuwa kumlisha mgonjwa aliyekataa chakula. Kitandani alikuwa mzee wa reli, Mzaramo, aliyekatwa mguu. Amegeukia ukuta, hali, hasemi. Mwanafunzi mmoja akambembeleza, "Babu, japo kijiko kimoja." Afadhali angeuomba ukuta.

Mimi Mnyamwezi. Babu zetu walibeba mizigo kutoka huku hadi pwani, wakafikia kwa Wazaramo, na tangu hapo sisi ni watani: tunatukanana bila kukasirika, tunazikana bila kuitwa. Nikamwinamia.

"We Mzaramo, unataka kufa? Kufa. Msibani mtani wako ni mimi. Nitalala kaburini mwako, na sitoki mpaka nduguzo wanipe jogoo. Lakini nawajua nduguzo, jogoo wao wamekonda. Kula kwanza, tungoje wanenepe."

Kisha sauti ikatoka kule ukutani: "Mchukuzi wee. Babu yako alibeba pembe za ndovu, wewe unabeba uji."

"Nambebea mvivu."

"Uji wenyewe mwembamba kama maji ya kuoshea vyombo. Lete."

Akalimaliza bakuli. Nikawageukia wanafunzi: mtanie mtu, usiutanie ugonjwa; mguu wake sikuutaja. Na kama wewe si mtani wake, nyamaza, ukamtafute aliye mtani.

Mtahini, kijana mpole mwenye digrii, akaniita pembeni. "Mama, umefundisha vizuri. Ila utani haumo kwenye mtaala, na mwingine ataugeuza matusi. Kwenye andalio la somo andika 'kumliwaza mgonjwa', nikupitishe leo."

Hofu yake ilikuwa na maana. Hata hivyo nikamjibu: "Siandiki hivyo. Nilichofundisha ni utani, kiitwe utani."

Akanifelisha. Nilirudia mtihani, cheti nikakipata mwaka uliofuata, nikafundisha wauguzi mpaka mvi, na sasa nimestaafu, nalima mihogo yangu. Baadhi ya niliowafundisha wana digrii, ni walimu wa wauguzi, na utani wanaufundisha kwa jina lake. Huja hapa na sukari mkononi: "Shikamoo Bibi. Siku ile hukuogopa?"

Marahaba, niliogopa sana. Kufeli kulikuwa kurudi kwenye bedpani, na nyumbani watoto walinitazama mimi. Lakini mwanafunzi akiandikiwa "kumliwaza", atarudi kubembeleza kwa kijiko, na mzee atarudi ukutani.

Mkuu wa Chuo, mwanamke wa kwanza mwenye digrii niliyemjua, alinivuta koridoni siku ile, kabla mtahini hajatia sahihi. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Mwenzangu, neno moja tu! Miaka yote hii, cheti ukiache kwa neno moja? Nenda ukaandike, nakuomba."

"Siandiki hivyo. Nilichofundisha ni utani, kiitwe utani."