Namba Moja, Mama Mmoja

Nilipewa miezi mitatu ya majaribio. Ukivuka, unapata mkataba na unabaki. Ukishindwa, unaagwa kwa adabu. Nilipanga chumba Mugumu, nyuma ya soko, kwa sababu kwetu Nyamwaga mtandao ni wa kubahatisha na kazi yenyewe ilikuwa ya kushinda mbele ya kompyuta. Timu yetu ilikuwa ya watu watano, na hakuna wawili waliokaa mji mmoja. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kliniki za mama na mtoto: unatunza kadi, na siku ya chanjo ikikaribia unamkumbusha mama kwa ujumbe wa simu. Niliutaka mkataba ule kuliko kitu chochote.

Taratibu za kufanya kazi kwa mbali nilizijua kwa kichwa. Kila asubuhi kikao cha robo saa. Kila uamuzi uandikwe kwenye kundi letu la mtandaoni. Kazi ya mtu isiingie kwenye mfumo kabla mwenzake hajaisoma na kuandika kwamba ameipitia. Meneja wetu, mwanamke wa Nairobi, alipenda kusema, "Kama haiko kwenye kundi, haijasemwa." Nilidhani ni maneno ya kupambia kikao.

Fundi mkuu alikaa Dar es Salaam, lakini ni mtu wa Tarime, wa umri wa baba yangu. Siku ya kwanza alinisalimia kwa Kikurya mbele ya wote, nikafurahi kama mjinga. Tangu hapo wenzangu walifungua kikao kwa "mambo vipi", mimi kwa "shikamoo mzee".

Wiki ya tisa nilipewa kazi yake niipitie. Alikuwa ameamua kila mama atambuliwe kwa namba ya simu. Namba moja, mama mmoja. Nilicheka peke yangu. Nyumbani, mama yangu na mke mwenzake, ninayemwita mama mdogo, wanatumia simu moja tangu nikiwa shule ya msingi. Inakaa dirishani jikoni. Anayeisikia ndiye anayepokea. Kwa mfumo ule, wa pili akiandikishwa, kadi ya wa kwanza inafutika. Na mzee alilijua hilo, maana amekulia kwenye boma kama letu. Labda Dar ilimsahaulisha. Labda hakupenda kukumbuka.

Dawa yake ilikuwa mistari miwili tu kwenye kundi. Sikuiandika. Nilivyolelewa, mtoto hamkosoi mzee mbele za watu, anamvuta pembeni. Nikampigia simu, nikamweleza habari ya mama na mama mdogo tangu mwanzo hadi mwisho.

"Umeona vizuri, binti yangu," akasema. "Wewe weka kwamba umepitia, hao wa Nairobi wasitusumbue. Nitarekebisha kabla haijaanza kutumika."

Nikaandika: "Nimepitia, iko sawa." Maneno matatu, na jina langu juu yake.

Hakurekebisha. Mfumo ulianza kutumika kwenye zahanati chache za pembeni mwa hifadhi ya wanyama, upande wa Machochwe, na haikupita wiki mbili wanawake wakaanza kurudishwa. Mmoja alikuwa ametembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni, akaambiwa kadi yake haipo. Iliyopo ni ya mke mwenzake. Muuguzi aliandika malalamiko marefu, yakawekwa kwenye kundi. Niliyasoma nimesimama, nikaona aibu kana kwamba ni mama yangu aliyerudishwa.

Kikaitishwa kikao. Meneja alianza kwa upole: "Hatumtafuti wa kumlaumu. Tunataka kujifunza." Halafu, katika huko kujifunza, akaweka kwenye kioo maneno yangu matatu, wote wakayatazama. "Wewe unatoka hukohuko," akaniambia. "Hukuliona hili?"

Nikamsubiri mzee. Nilitaka aseme neno moja tu: aliniambia. Uso wake nilikuwa nauona vizuri. Akakohoa kidogo, akasema, "Vijana wana haraka, tuwavumilie," akazima kamera. Na hata hapo sikumtaja. Nina hasira naye hadi leo, lakini nina hasira zaidi na mdomo wangu.

Ijumaa niliagwa kwa adabu. Mkataba ukaenda na maji. Nilirudi Nyamwaga na mabegi mawili, nikamsimulia baba, naye akasema nilifanya vema kumsitiri mtu mzima. Nilitoka nje nisije nikamjibu vibaya.

Siku chache baadaye, saa nne asubuhi, mzee akapiga.

"Binti yangu, umenistahi sana. Kweli wewe umelelewa. Uliniambia, ni mimi niliyepuuza. Mungu anajua."

"Mungu hayumo kwenye kundi, mzee," nikasema. "Naomba uyaandike hayohayo pale. Mistari miwili. Bado wanaweza kunirudisha."

"Hallo? Hallo?" akasema. "Mtandao wa huko kwetu unasumbua, binti yangu. Sikusikii kabisa."

Sikupandisha sauti. Niliishusha, nikasema polepole kama ninavyosema na mtu aliye kando yangu: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu palepale.