Loisini ya Kwenye Ndoo

Watu wa kwetu Mpwapwa wakisikia mimi ni daktari, hunionyesha vidonda. Nikiwaambia ni daktari wa kemia, natafuta dawa ndani ya mimea, hufunga vidonda vyao na kunihurumia. Miaka nenda rudi nimechemsha, nikachuja na kukausha mizizi ya mti wa mtundulu pale chuoni Dodoma, bila kupata hata dawa ya chunusi.

Mwaka jana nikapata. Kemikali safi, iliyozuia bakteria kukua kwenye kisahani. Nilivimba kichwa. Nikaipa jina la mama yangu, Loisi: loisini. Nikampigia simu kabla hata ya kurudia kipimo, maana nina kiherehere kuliko akili. Jumapili mchungaji akaitangaza kanisani, mama akasimama kupigiwa makofi.

Kisha Dk. Yasinta, mwenzangu wa maabara, akauliza mizizi niliiloweka kwenye chombo gani. Nikamwonyesha ndoo ya plastiki, kwa kuwa vyombo vya kioo havitutoshi. Alinitazama tu kama mtu anayemtazama mlevi akitafuta ufunguo alioushika mkononi.

Nikamimina spiriti ninayolowekea mizizi kwenye ndoo ileile, bila mzizi hata mmoja, nikaiacha ilale. Nilipoipima, nikakuta loisini imejaa tele. Ugunduzi wangu ulikuwa kemikali ya plastiki iliyotoka kwenye ndoo. Makala niliyoituma kwenye jarida niliiondoa siku hiyohiyo, na wala haikuniuma sana. Niliyemwogopa ni mama. Ningemwambiaje kwamba makofi yale yalikuwa ya ndoo?

Nikapanda basi. Nilimkuta uani anapepeta uwele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Dawa imeanza kutumika?"

Nikamweleza yote, macho yangu kwenye ungo. Alipepeta mpaka akamaliza.

"Ndoo ipi hiyo?"

"Ile ya bluu uliyoninunulia nikienda chuo."

"Niliyokubebea kichwani mpaka stendi?"

"Hiyohiyo, mama."

Akaweka ungo chini. "Kumbe bado unayo. Basi jina liache hapohapo, ndoo si yangu? Ila Jumapili utasimama wewe."

Nilisimama. Nilipofika kwenye kisa cha ndoo, kanisa zima lilicheka, mchungaji akafuta miwani, na kicheko cha mama kilisikika kuliko vyote. Katika utafiti wangu wote, hakuna kilichowahi kunipa nafuu namna ile.